Sifanyi keto tena, nakula wali, na dayati inaendelea

Mnaoniuliza inboksi kama bado nafanya keto, ile dayati ya kukata wanga karibu wote na kula mafuta zaidi, jibu hapana. Na mnaouliza kwa hiyo ndo nshaacha dayati, jibu pia hapana. Wali mchana nakula, mkate nikiutamani sana naula, na wanga bado nimepunguza kuliko zamani, ila kwa namna ambayo naweza kuishi nayo hapa Unguja mpaka nizeeke inshallah, sio ya kufika nayo arusi inayofuata tu basi.

Keto ile ya kwenye video inataka wanga chini ya gramu 50 kwa siku, wengine wanakwambia 20. Sasa kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina kama gramu 45. Kikombe, sio sahani ile tunayoijua sie. Yaani wali kidogo tu wa mchana na siku yako ishaisha, embe huli, hata mbaazi unaziogopa. Halafu wengi hawajui kwamba kitu hichi hakikutengenezwa kwa ajili ya vitambi, kilianza Marekani mwaka 1921 kama matibabu ya kifafa, mgonjwa anapimiwa chakula chake na hospitali, nesi yuko pembeni. Mie nesi wangu ni mama mkwe, na akiniona sijagusa wali anauliza mbele za watu, "Mwanangu, una mimba au mshagombana tena huko?"

Na zile kilo za wiki ya mwanzo zinazowatia watu wazimu, sehemu kubwa ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, kila gramu ya akiba hiyo inakaa na maji kama gramu tatu, ukikata wanga akiba inatumika, maji yanatoka, na chumvi inatoka pamoja nayo, ndo pale kichwa kinauma, miguu inalegea, na joto letu la kaskazi ndo usiseme. Hapa kwetu tiba yake iko jikoni, bakuli la samaki wa chukuchuku lenye chumvi na ndimu ya kutosha, hakuna haja ya kuagiza vidonge. Lakini siku ukirudi kula wali maji yanarudi na kilo mbili tatu zinarudi nayo, mtu anaona dayati imefeli, anayarudia maandazi kwa hasira.

Kilichonituliza mie ni utafiti mmoja wa Stanford, chuo kikuu cha Marekani, uliotoka 2018. Walichukua watu 609, kundi moja likapunguza wanga, jengine likapunguza mafuta, mwaka mzima. Wa wanga walipungua kilo 6 kwa wastani, wa mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo kitaalamu ni kama haipo. Ila mie nilichokipenda ni namna walivyofanya: kundi la wanga walianzishwa na gramu 20 kwa siku, halafu wakaambiwa waongeze kidogo kidogo mpaka kila mtu afike pale anapoona pengine anaweza kubaki maisha yake yote. Na mwisho wa mwaka walikuwa wanakula kama gramu 130 kwa wastani. Mia na thelathini! Hiyo naiweza, tena na mbaazi zangu ndani.

Kwa hiyo kwangu asubuhi ndo kumebadilika kuliko kokote. Chai yetu ukiitazama ni wanga juu ya wanga, boflo, maandazi, chapati, vitumbua, na chai yenyewe kila kijiko cha sukari ni kama gramu 4, na nani hapa anatia kijiko kimoja. Sasa hivi chai naitia iliki na tangawizi mpaka inawasha, sukari hamna, na nakula mayai au samaki wa kukaanga aliyelala. Mchana chungu ni kimoja, sipiki changu peke yangu, nshasema sitafanya hivo mana hapo ndo dayati nyingi zinapofia, mama anajipikia kando miezi miwili halafu anachoka. Nilichogeuza ni sahani. Mtoriro au mchicha wa nazi unachukua nusu, samaki wangu mzima yupo, wali unakaa pembeni kama ndo kitoweo. Na naanza na mboga na samaki, wali namalizia. Hili nalo limepimwa kule Marekani 2015, kwa watu wachache tu wenye kisukari aina ya pili, wakala chakula kile kile kwa mpangilio tofauti, na sukari ikapanda kidogo zaidi walipoanza kwa wanga... hapana nimeandika vibaya, ikapanda SANA walipoanza kwa wanga, ikapanda kidogo walipoumalizia mwisho. Usiku wali haupikwi, ni supu ya pweza au mabiringani na kachumbari.

Unga wa lozi na wali wa koliflawa, vile watu wa keto wanavyotumia badala ya ngano na mchele, mie siwezi. Koliflawa yenyewe inavuka bahari kutoka bara, ikifika sokoni Darajani ishachoka na bei yake utadhani imekuja na ndege. Bamia zipo. Mumunye lipo.

Tatizo la kweli ni samaki. Kusi likivuma vyombo vidogo haviendi mbali, bei inapaa, na mwezi ukiwa mkubwa dagaa nao wanaadimika kwa sababu wanavuliwa kwa taa na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Anayekwambia dayati ya wanga kidogo ni rahisi labda hanunui kitoweo yeye. Siku hizo mie nakula dagaa wakavu niliowaweka, mayai, na mbaazi. Mbaazi wengine wananikataza, ila gramu 100 zilizochemshwa zina wanga kama 23, na katika hizo karibu 7 ni nyuzinyuzi, zinashibisha mpaka jioni. Tui nalo nimelipunguza uzito, tui zito la kwanza naweka la Ijumaa, siku nyengine tui jepesi, mana mafuta ya nazi mengi ni yale yanayopandisha kolesteroli.

Sasa sinia. Hakuna kitabu cha dayati kinachozungumzia sinia. Uko kwenye shughuli, mmekaa wanne au watano, biriani imefika, mkono wako unaonekana na kila mtu, na bibi aliye mbele yako anakusogezea nyama huku anasema "Kula mwanangu, mbona unadonoa kama kuku?" Uzuri wa biriani ya kwetu wali hupikwa mbali na masala mbali, rojo na nyama vinakaa juu, kwa hiyo mie namega polepole, tonge dogo, nyama kubwa, nazungumza sana, nasifia sana. Ukimega kwa haraka ukamaliza upande wako watakusukumia wa kwao. Na siku ya shughuli kubwa nakula tu, wallahi, halafu kesho yake narudi kwenye mayai yangu, sifungi wala sijiadhibu.

Ramadhani ni habari nyengine. Futari yetu ni muhogo wa nazi, majimbi, ndizi mbichi, mbatata, tambi, kaimati, uji, vyote siku moja, na vyote wanga. Sheria yangu ni kuchagua kimoja. Leo muhogo, basi ndizi kesho. Tende nafungulia, mchuzi wa samaki au nyama ndo naujaza, kaimati naonja za mtoto. Daku sili kiporo cha wali kama zamani, nakula mayai na mbaazi, na njaa ya saa tisa imepungua.

Kuna jambo moja sitalifanyia mzaha. Kama unachoma insulini au unameza vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi usikate wanga bila kuzungumza na daktari wako, kwa sababu dozi yako imepangwa kwa chakula unachokula sasa, ukipunguza chakula dozi ikabaki ile ile sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Wajawazito na wenye matatizo ya figo pia waulize kwanza.

Na nyie wa Pemba mnaonitumia picha za shelisheli mkisema ni mboga, haya: gramu 100 za shelisheli bichi zina wanga kama 27, karibu sawa na wali uliopikwa, na muhogo mbichi umewapita wote, 38. Sio mboga jamani, hata likipikwa kwa nazi. Mie siku ya shelisheli wali sipiki, nalichoma zima juu ya mkaa mpaka ganda linakuwa jeusi, navunja vipande viwili nakula na samaki changu wa kukaanga na pilipili ya ndimu, vilivyobaki wanamalizia watoto kabla hata havijapoa.