Kisutu cha Warusi

Mwezi uliopita alisimama barazani kwangu, Mkunazini hapa Unguja, mama mmoja wa Kirusi, umri wake kama wa mamangu. Nikampangia picha zangu: Wamasai watatu na jua linazama, jahazi, mlango wa misumari, jahazi jengine. Hakushika hata moja. Kilichomvuta ni kanga kuukuu niliyofunikia kazi zisiliwe na vumbi. Akaitandaza, akaupapasa mji wake, ule uwanja wa katikati, kwa vidole, kisha akatoa simu na kunionesha vitambaa vya duara na mistari. Neno tulilosikilizana ni moja tu: Popova.

Usiku ule umeme ulikuwepo na bando lilikuwepo. Nikamsaka.

Lyubov Popova alizaliwa 1889 karibu na Moscow, baba yake tajiri wa biashara ya vitambaa. Nikacheka peke yangu. Na mimi ni mtoto wa muuza kanga, ingawa meza ya mama pale Darajani na mali ya mzee Popov havikai mizani moja. Mwaka 1912 alikwenda Paris kujifunza kwa wale wachoraji waliokuwa wakimkata mtu na gitaa lake vipande, kisha wakavipanga upya. Miaka minne baadaye alifika Samarkand kutazama majengo ya Kiislamu, na mwaka huohuo watu na magitaa wakatoweka kwenye kazi zake. Vikabaki vibao vya rangi vinavyopandana na kuegemeana, kama karata zilizomwagwa. Mti hakuna, uso hakuna. Dalali anayenichukulia picha angemfukuza mlangoni. Mimi alishanambia wazi: "Dada, chora Mmasai. Mmasai ndo anatoka."

Lakini si hayo yaliyoninyima usingizi. Mwaka 1921 Popova na wenzake wanne, kila mmoja na kazi tano, walifanya maonesho Moscow yaliyoitwa 5x5=25. Baada ya hapo picha za kutundika ukutani akaziweka chini. Wala hakuwa ameshindwa. Aliona nchi iliyotoka kwenye mapinduzi inataka vitu vya kutumika. Mwaka 1922 akamtengenezea Meyerhold, muongozaji wa michezo ya kuigiza, jukwaa la mchezo mmoja, lenye ngazi na magurudumu yanayozunguka. Kisha yeye na rafiki yake Varvara Stepanova wakaingia kiwanda cha serikali cha kuchapa vitambaa, hapohapo Moscow. Nao hawakukubali kukaa pembeni na karatasi zao: waliandika kudai wawe na sauti kwenye maamuzi, na waingie hata maabara wakajue rangi inavyochanganywa.

Hapo nikaiweka simu kidogo. Kanga sote tunaijua: mji, pindo la kuzunguka na jina, yaani ule msemo wake. Ukitazama vizuri chini utasoma na jina la mwenye mali. La aliyechora, mimi na miaka yote niliyokulia juu ya madoti ya kanga, sijapata kuliona. Inasemekana Popova alisema hakuna sifa ya usanii iliyomkaa rohoni kama kumuona mwanamke wa shamba ananunua kitambaa alichochora yeye. Naamini. Mimi nikiuza jahazi langu linaingia begi la mgeni na kupanda ndege, sijui hata kama linatundikwa.

Umri haukumpa. Mumewe alikufa kwa homa 1919, akamwachia mtoto mchanga wa kiume. Mei 1924 homa ya vipele vyekundu ikamchukua yule mtoto, na siku chache baadaye mama yake. Alikuwa na miaka 35.

Asubuhi nikampelekea mama simu mezani kwake. Akaishika mbali na macho, akakunja uso.

"Kisutu hichi," akasema, kama ile kanga ya kizamani ya maharusi. "Kisutu cha Warusi. Pindo lake liko wapi?"

Nikamwambia kile kitambaa cha kukata magauni, kwao pindo hawatii.

"Basi litie wewe."

Tangu siku ile nina daftari la hesabu la skuli, lile la miraba, limejaa duara. Mji umekaa. Pindo limenisumbua wiki nzima lakini nalo limekubali. Lililobaki ni jina. Nimeshampelekea mama matatu na yote kayarudisha, anasema hayamchomi mtu.