Letaboksi: kusaka muhuri kwa dira na miguu

Ukitaja kusaka hazina, wengi hufikiria simu na setilaiti. Letaboksi ni mchezo wa zamani kuliko hayo yote. Mwaka 1854, huko Dartmoor nchini Uingereza, mwongoza wageni James Perrott aliacha chupa kando ya Cranmere Pool, mahali pagumu kufikika, ili anayefika atie kadi yake humo. Leo chupa imekuwa kisanduku, na ndani yake mna muhuri wa mpira na daftari. Ukikipata, unagonga muhuri wake kwenye daftari lako, na wako kwenye daftari lake. Hakuna cha kuchukua zaidi ya hapo.

Familia inahitaji muhuri wake, pedi ya wino, daftari, kalamu, dira na lakabu ya kusainia. Daftari liwe la karatasi nene. Kwenye karatasi nyepesi wino hupenya hadi ukurasa wa nyuma.

Muhuri wa dukani unafaa, lakini wa kuchonga ndio wenye ladha. Kifutio kikubwa cha penseli kinatosha kuanzia. Chora picha kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya kifutio, kisha sugua mgongo wa karatasi kwa kijiko. Picha itahamia ikiwa imegeuka, na ukigonga itatoka sawa. Anayechora moja kwa moja juu ya kifutio hugundua kosa lake pale jina linaposomeka kinyumenyume. Chonga kwa kisu chenye ncha ya umbo la V, ukikielekeza mbali na vidole, na kwenye kona zungusha kifutio badala ya mkono. Kingo za mstari ziteremke kwa nje kama mlima. Ukichimba chini ya mstari, utalegea na kukatika baada ya kugongwa mara chache. Watoto wachore, mtu mzima ashike kisu.

Wakati wa kutia wino, gusisha pedi juu ya muhuri taratibu, usiukandamize muhuri kwenye pedi. Wino ukizidi hujaa mifereji na picha hutoka doa tupu.

Vidokezo vya kufikia kisanduku huandikwa hivi: "Kwenye mti uliopasuka, fuata nyuzi 120, hatua 40." Zungusha duara la dira hadi 120 ifikie alama ya mwelekeo, shika dira ikiwa bapa kifuani, kisha geuka mwili mzima mpaka sindano nyekundu ilingane na mshale wa kaskazini ulio ndani ya duara. Simu au funguo zikiwa karibu, sindano hupotoka. Hatua nazo zina utata: wapo wanaohesabu kila mguu, na wapo wanaohesabu mguu wa kulia pekee, kwa hiyo idadi huweza kuwa maradufu. Mtoto akihesabu peke yake atasimama mapema, maana hatua zake ni fupi. Mpe kazi ya kushika dira.

Adui mkubwa ni maji. Hata kisanduku chenye mpira kwenye kifuniko huvuja pembe ya mfuko wa plastiki ikibanwa ukingoni, jambo linalotokea mara nyingi kuliko kisanduku kupasuka. Tia daftari na muhuri kila kimoja kwenye mfuko wake wa zipu, toa hewa, na usifunge wino ukiwa mbichi. Kopo lililowahi kubeba chakula usilitumie, maana wanyama hunusa.

Ukificha chako, omba ruhusa ya mwenye eneo, usichimbe, na usitie chochote kwenye kuta za mawe au magofu. Ulichokipata kirudishe palepale, kikiwa kimefunikwa kama ulivyokikuta, na subiri wapita njia waondoke kwanza.

Kabla ya kufunga, tazama muhuri ulioshika mkononi ni wa nani. Kubadilishana kwa bahati mbaya hutokea sana, hasa watoto wakiwa na haraka, na dawa yake ni kuandika lakabu yenu nyuma ya muhuri wenu kwa wino usiofutika.