Mkufu wa bibi na taji la malkia: pima na uandike kabla hujayeyusha

Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1947, Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, alipokuwa akipambwa kwa harusi yake, taji la almasi aliloazimwa na mama yake lilikatika fremu. Sonara akaitwa mbio, likaungwa, likarudi kichwani kabla bibi harusi hajatoka. Ukizitazama picha za siku ile utauona mwanya mdogo katikati, pale vijiti viwili vya almasi vilipokataa kukaribiana kama wenzao.

Taji lile lina vijiti 47 vilivyosimama kama meno ya kitana, na halikuzaliwa taji. Almasi zake zatokana na mkufu ambao Malkia Victoria alimtunza Mary wa Teck alipoolewa na mjukuu wake mwaka 1893. Mwaka 1919 Mary, ambaye sasa alikuwa malkia, aliufanya taji linaloweza kufunguliwa na kuvaliwa tena shingoni. Mwaka 1936 akampa mkaza mwanawe, mama yake Elizabeth, naye ndiye aliyemwazima Elizabeth. Anne, binti wa Elizabeth, alilivaa alipoolewa mwaka 1973, na Beatrice, mjukuu wake, mwaka 2020.

Kila aliyelishika anajulikana, na kila mwaka lilipoguswa unajulikana. Sasa fungua kasha la nyumba moja ya Mkomani, Lamu, utoe mkufu wa dhahabu uliofungwa kitambaa, uulize ni wa nani. Bibi atakwambia ni wa mama yake. Uliza mama yake alipewa na nani: hapo jina linakatika. Dhahabu yetu si haba, wala mafundi wetu si wabovu. Tunachokosa ni daftari, na kwa kukosa daftari tunayeyusha kitu tusichokijua.

Mary ndiye mwalimu mzuri wa jambo hili, kwa sababu alipenda sana kubadilisha mapambo, lakini alibadilisha kwa kufungua, na yaliyobadilishwa yakaandikwa. Taji ambalo wasichana wa Uingereza na Ireland walimchangia mwaka 1893 lilikuwa na lulu juu yake. Mwaka 1914 lulu zikatolewa, zikawekwa almasi 13. Kitako chake nacho kilitenganishwa, kikavaliwa peke yake kama utepe wa kichwani. Akampa mjukuu wake Elizabeth vyote viwili mwaka 1947, na mwaka 1969 vikaunganishwa tena. Miaka yote hiyo hakuna kilichopotea, kwani ilijulikana kipi ni kitako cha kipi.

Taji la Vladimir ndilo mfano bora zaidi kwa sonara. Lilitengenezwa Urusi na masonara wa Bolin kwa ajili ya mke wa Mwanamfalme Vladimir, likatoroshwa wakati wa mapinduzi, na bintiye akamuuzia Mary mwaka 1921. Lina duara 15 za almasi zilizopishana, na katikati ya kila duara pananing'inia lulu. Mary akaagiza zumaridi 15 za ukoo wake ziwekewe vishikizo vya kuingia mahali palepale. Kwa hiyo taji moja huvaliwa kwa lulu, kwa zumaridi, au tupu, na hakuna anayewasha moto.

Si kwamba Waingereza hawavunji. Mwaka 1973 Elizabeth alivunja taji la masonara wa Cartier alilotunzwa na Nizam, mtawala wa Hyderabad kule India, almasi zikaingia kwenye taji jipya lenye yakuti 96 alizopewa na watu wa Burma. Binafsi naona ni hasara, kwani taji la kwanza lilikuwa zuri zaidi. Hata hivyo bado tunajua almasi zilitoka wapi.

Hapo tuliweke wazi jambo la umiliki, maana ndipo familia hugombana. Lamu tunalielewa kwa kutazama siwa, yaani baragumu kubwa la enzi. Siwa ya Pate ya pembe na siwa ya Lamu ya shaba, zilizoko makumbusho ya Lamu, hazikuwa pambo la mtu mmoja. Zilikuwa za enzi na mji. Masimulizi ya Pate yanamtaja Mwana Darini, aliyenyimwa siwa ya kifalme kwa sherehe ya mwanawe, akaagiza achongewe yake. Ya mji ni ya mji, yako ni yako. Waingereza walijifunza hilo kwa gharama: Malkia Charlotte alipofariki mwaka 1818 aliacha vito kwa ukoo wa Hanover wa Ujerumani, na kwa kuwa haikuwa bayana kipi kilikuwa chake na kipi cha ufalme wa Uingereza, ubishi ulidumu hadi mwaka 1857, hukumu ikatoka, na Victoria akalazimika kuvitoa vito alivyokwisha kuvivaa miaka ishirini. Tangu hapo akawa mwangalifu kuandika vipi vitarithiwa na kiti cha enzi na vipi ni vyake.

Mirathi nayo huvunja. Mali apitishayo mfalme kwa mfalme ajaye haitozwi kodi ya urithi, kwa makubaliano ya mwaka 1993, ndiyo maana mataji ya Elizabeth yamebaki pamoja. Dada yake Margaret hakuwa na kinga hiyo. Taji lake la Poltimore, alilolivaa harusini mwaka 1960, liliuzwa na watoto wake mnadani London mwaka 2006 kwa pauni 926,400. Kwetu Waislamu fungu la mwana wa kiume ni mawili na la binti ni moja, nalo ni sheria isiyo na mjadala. Lakini sheria yataka thamani igawanywe, haikuamuru kidani kikatwe. Mmoja aweza kukichukua kidani akawalipa wenzake, au vining'inizo vikafunguliwa vikawa vipuli vya dada watatu, uti wa kidani ukabaki mzima. Yote hayo yahitaji uzito na karati zijulikane kabla ya kikao cha mirathi.

Neno karati lenyewe linachanganya wengi. Kwenye jiwe ni uzito: karati 1 ni gramu 0.2. Kwenye dhahabu ni usafi, fungu katika 24. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Tanganyika, Oktoba 1947, ambayo mwenye mgodi John Williamson alimtunza Elizabeth kwa harusi, ilikuwa karati 54.5, yaani kama gramu 11. Baada ya kukatwa London ilibaki karati 23.6, chini ya gramu 5. Kupotea zaidi ya nusu si ajabu wala si wizi. Mwaka 1953 Cartier waliiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Hii ndiyo johari ya malkia iliyotoka karibu na kwetu zaidi, na ni watu wachache sana wa pwani wanaoijua.

Basi tuje kwenye mkufu ulio mkononi mwako. Anza na chapa, kwa kioo cha kukuzia, karibu na ndoana au ndani ya bangili: 916 ni karati 22, 750 ni 18, 585 ni 14, 375 ni 9. Kukosa chapa si ushahidi wa ubovu. Mafundi wetu wa zamani wengi hawakugonga chapa. Kama kuna sarafu ya pauni ya dhahabu iliyotungwa, usiiguse: ina gramu 7.98, karati 22, na mwaka wake umeandikwa. Mwaka huo unakwambia kwamba mkufu, kwa umbo ulilo nao sasa, haukutungwa kabla yake. Kwa fedha, mafundi walikuwa wakiyeyusha riale za Maria Theresa, ambazo fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000. Furungu la zamani likipimwa chini ya 925, kipimo cha kawaida cha fedha ya sonara, basi usishangae.

Kupima usafi nyumbani kunawezekana. Tafuta mizani ya dijitali inayosoma gramu 0.01. Pima pambo likiwa kavu. Kisha weka gilasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, ning'iniza pambo kwa uzi mwembamba lizame lote bila kugusa chini wala ubavu. Gawanya uzito mkavu kwa namba unayoisoma. Mkufu wa gramu 35.50 ukisoma 2.00 majini, jibu ni 17.75, nayo ni karati 22. Karati 18 hutoa kati ya 15 na 16, fedha kama 10.4, na shaba iliyopakwa dhahabu haifiki 9. Kosa la kawaida ni povu la hewa kukwama kwenye pingili, likashusha jibu. Lichovye kwanza kwenye maji yenye tone la sabuni, ulitikise. Pambo lenye mawe, au shanga zenye uwazi zilizojazwa lakiri ndani, halipimiki kwa njia hii. Hilo mpelekee sonara mwenye jiwe la kusugulia na tindikali.

Ukifika kwa sonara, ombi la kwanza lisiwe kuyeyusha. Ndoana iliyolegea hubadilishwa, pete ndogo ya kiungo hutiwa mpya. Uliza anatumia lehemu gani. Risasi ni adui: ukiona kijivu kwenye kiungo cha dhahabu, fundi fulani alitia risasi, na moto mkali ukipita hapo risasi hula dhahabu, pakawa patupu au pepesi kuvunjika. Ikwanguliwe yote kwanza. Lulu, zumaridi, feruzi na marijani zitolewe kabla ya moto. Almasi na yakuti huvumilia zaidi, lakini hata yakuti uso wake hulika ikipakwa dawa ya kulehemu. Na ikibidi kuyeyusha, kumbuka kwamba mkufu wenye pingili nyingi una lehemu nyingi, na lehemu ina karati ndogo. Gramu 40 za karati 22 zingekuwa na dhahabu safi gramu 36.67, lakini donge litakalotoka litakuwa na dhahabu safi pungufu kidogo. Pima mbele ya macho yako kabla, pima donge, pima kazi iliyokwisha pamoja na vumbi la tupa.

Kusafisha ni maji vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, mswaki laini, dakika kumi. Jiki usisogeze kabisa, hula madini yaliyochanganywa na dhahabu hata viungo vikapasuka. Lulu usiloweke, ndimu, siki na jasho huila, kwa hiyo jifukize udi na ujipake manukato kwanza, lulu ivaliwe mwisho, na ukivua uipanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Kila lulu iwe na fundo lake kwenye uzi wa hariri, ili uzi ukikatika idondoke moja tu. Hewa yetu ya chumvi yenye unyevu huharakisha fedha kuwa nyeusi: izungushie kitambaa cha pamba, uitie ndani ya mfuko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu. Mpira usiwepo karibu. Almasi ilale peke yake, maana huchuna kila jirani.

Daftari liandikwe kwa penseli, kwa kuwa wino huvuja unyevu ukiingia kashani. Kila pambo na ukurasa wake: uzito, karati na namna ulivyoipima, idadi ya pingili na mawe, picha ya mbele na ya nyuma kando ya rula, nani alinunua au kutunza, kwa harusi ya nani, nani alirithi, fundi gani aligusa nini na mwaka gani. Pale jina linapokatika acha mstari mtupu, usijaze kwa kukisia. Kisha tafuta picha za harusi za zamani za nyumba yenu, uzitazame shingo na masikio ya bibi harusi kwa kioo kilekile ulichosomea chapa, uhesabu vining'inizo.