Jiwe Lililopumua

Mwaka 1997, kabla ya mvua za El Niño, mjomba wangu alichimba kisima shambani kwake Langobaya, bara ya Malindi. Ukame ulikuwa mkali. Nilikuwa na miaka 11, na kazi yangu ilikuwa kupokea karai la udongo na kwenda kulimwaga.

Siku ya pili, shimo likiwa bado halijamzidi kimo, sururu ilianza kulia kwenye kitu kigumu. Karai likaja na vijiwe vyeupe, vingine kama kunazi, vingine kama mayai ya kwale.

"Mjomba, nini hivi?"

"Chokaa ya ardhi. Mvua za huku huishia hapa. Shika karai, baba."

Kwa maneno yale machache alikuwa amelimaliza somo zima. Mvua huyeyusha chokaa ya juu na kushuka nayo. Nchi kavu maji hukauka kabla ya kufika mbali, chokaa ikabaki palepale, ikajijenga kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Penye mvua nyingi huoshwa yote ikaenda zake.

Nikarudi mjini na vijiwe mfukoni. Bibi alikuwa akitengeneza changu, nami nikavipanga kando ya kibao chake. Ndimu ikadondokea kimoja. Kikatoa povu, na sauti ndogo ya kuchemka. Bibi aliijua chokaa ya tambuu na chokaa ya kuta, lakini hili lilimfanya ainame na kutega sikio.

"Lapumua hili," akasema.

Tukalikamulia ndimu nzima. Samaki wakangoja.

Chuo kikuu ndiko nilikojua kwamba Bibi alisema kweli kuliko alivyodhani. Povu lile ni hewa ya ukaa, na kaboni iliyofungwa ndani ya vijiwe vya udongo hutoka zaidi kwenye pumzi ya mizizi na majani yaozayo. Nyasi nyingi za nchi za joto hubeba atomi nyingi zaidi za kaboni ya aina nzito kuliko miti, kwa hiyo jiwe huweka alama ya kilichoota juu yake: mbuga au msitu. Oksijeni yake nayo ina alama ya maji ya mvua ya wakati ule. Maabara wanafanya kama sisi, ila badala ya ndimu hutumia asidi ya fosforiki, kisha hewa ile hupimwa kwa mashine, nzito na nyepesi. Kule Turkana, vijiwe vya aina hii vilionyesha, kwa jinsi atomi nzito za kaboni na oksijeni zilivyoshikana, jambo linalofuata joto la udongo jiwe lilipojengeka, kwamba udongo wa huko umekuwa na joto la zaidi ya nyuzi 30 tangu miaka milioni 4 iliyopita. Niliposoma hayo nilifunga daftari nikatoka nje kwanza.

Kisima kilibomoka mvua zilipokuja, na Mjomba hakukirudia. Vijiwe vyangu nilivimaliza kwa ndimu, nikiwaonyesha watoto wa mtaani. Iliniuma sana baadaye, maana jiwe lisilojulikana lilitoka kina gani limepoteza nusu ya habari zake.

Mwaka jana nikamuuliza Mjomba kama anakumbuka. Akainuka mkekani, akasimama wima, akaweka kiganja chini kidogo ya kifua.

"Uliponiuliza, ukingo wa shimo ulinifika hapa."

Nikaenda kutafuta futi. Sentimita 112.