Siku moja na mwiko wangu, Entebbe

Saa kumi na moja alfajiri ndege makwarara wameshaniamsha. Hapa Katabi wanaitwa mpaabaana, kwa Kiganda ni kama kusema "nipe watoto", ila wanavyolia juu ya mabati yangu ungedhani wamekuja kudai kodi. Chai ya rangi, chapati moja, kiroba begani: mwiko, timazi, pima maji, ubao wa kunyooshea. Saa moja na nusu niko Kigungu, si mbali na pale wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki waliposhuka mtumbwini mwaka 1879.

Mimi ni fundi lipu. Nimezaliwa Bwera, mpakani na Kongo, na Kiswahili changu bado kina vumbi la soko la Mpondwe. Saidia fundi wangu ni kijana wa Arua. Yeye hajui Kikonzo, mimi sijui Kilugbara, basi Kiswahili ndicho kinachotuchanganyia saruji na mchanga. Watu hudhani kazi yetu ni kurusha tope ukutani, na tukisema "subiri" wanadhani tunaiba siku.

Saa mbili hadi saa nne: ukuta wa jikoni. Ndoo nne za mchanga wa Lwera kwa moja ya saruji, rusha, buruta ubao, sugua. Basi.

Cha kusimulia kiko dirishani. Nyigu mweusi, kiuno chembamba kama uzi, anachota tope pembeni mwa pipa letu la maji. Anafinyanga kidonge cha ukubwa wa punje ya mtama, anaruka nacho hadi kona ya fremu, anakitandaza kwa mdomo huku akivuma. Akirudi na kingine, kile cha kwanza kimeshapauka. Nilihesabu safari kumi na moja. Kijana akaniuliza kama nyigu naye ana saidia fundi. Hana. Na vyumba vyake anavijaza buibui aliowalemaza kwa sumu, chakula cha mwanawe, kisha anaziba mlango.

Saa nne na robo Mama mwenye nyumba akatoka na ndoo ya rangi ya mafuta.

Ni mjane wa mwanajeshi; Kiswahili chake ni cha kambini, kila sentensi amri. Nyumba yake ni ya zamani, haina dipisi, ule utando wa kuzuia unyevu, kwenye msingi, na tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020 ukuta wa sebule unaoelekea majini umekuwa ukitoa chumvi nyeupe kama unga. Wiki iliyopita nilibomoa lipu mbovu hadi usawa wa kiuno, nikapiga mpya.

"Fundi, leo unapaka."

"Mama, ile lipu ina siku sita tu."

"Nimeigusa. Imekauka."

"Imekauka juu. Ndani kuna maji. Rangi ya mafuta itayafungia humo, mwezi ujao utaona malengelenge."

"Jumamosi ni kwanjula ya binti yangu, anatambulisha mchumba. Wakwe waje waone ukuta wa kijivu?"

Nikachukua kipande cha nailoni, nikakibandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne. Tukangoja kama saa moja na nusu. Nilipokibandua, upande wa ndani ulikuwa na matone, yanateleza kabisa. Nikamwonyesha. Akayatazama, akanitazama.

"Hilo ni jasho lako."

Nikamwomba tupake rangi ya maji kwanza, inayoacha ukuta upumue. Akampigia simu mwanawe aliyeko Uingereza, nikawekewa simu sikioni, nikaelezwa kwamba huko watu hupiga lipu asubuhi na kupaka jioni. Labda. Huko hawana ziwa chini ya sebule. Nikajaribu la mwisho: mwezi umeandama juzi, sami, wale vijidudu vya ziwani, watatoka jioni, rangi mbichi haiwafai.

"Sami nimeishi nao miaka thelathini," akasema. "Paka."

Nikapaka. Mteja akishasema mara tatu, ukuta ni wake. Chakula cha mchana tulikula saa tisa tukiwa wima, roleksi moja, chapati iliyoviringishiwa mayai, kwa wawili. Kisha mkono wa kwanza, kungoja, mkono wa pili, bega la kulia likiwaka, harufu ya tapentaini mpaka kwenye meno. Mvua ikanyunya, ikaacha. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipomaliza ile pembe ya mwisho, ila ilinyooka, na rangi ya maziwa ikang'aa hata mimi nikasimama kidogo kuitazama.

Giza likaingia. Juu ya ziwa kulikuwa na wingu kama moshi wa nyasi, halina mvua, linasogea.

"Mama, usiwashe taa. Tufunge madirisha."

Taa alishaiwasha. Alitaka kuuona ukuta wake.

Walikuja kimya. Kwanza kumi kwenye balbu, kisha sebule nzima ikawa inanong'ona, na wakawa wanatua popote palipong'aa. Ukuta ukawa kama yai lililomwagiwa pilipili manga. Kijana akataka kuwafuta kwa kitambaa, nikamshika mkono. Angezichora tu zile mbawa kwenye rangi.

Mama alisimama katikati ya chumba, khanga mdomoni.

"Tunafanyaje, fundi?"

"Tusubiri ikauke, Mama. Kesho nitakuja na msasa."

Akanitazama muda mrefu. Kisha akaenda jikoni, akatumiminia chai, na kikombe changu akakitoa sami wawili kwa kijiko kabla hajanipa.