Nafasi ya sita

Karatasi yenyewe ilikuwa nusu ukurasa wa daftari la shule. Nesi aliijaza haraka huku akipiga soga na mwenzake: glavu pea tano, wembe mpya mbili, pamba, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kulalia mita mbili, beseni, kanga nne safi. Nikamuuliza kama vitu hivyo vinapatikana pale pale. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda baharini.

"Huduma ya mjamzito ni bure, mama. Vifaa ndiyo unakuja navyo."

Ilikuwa Julai 2019, kwenye zahanati moja hapa Morogoro, mimba yangu ikiwa ya miezi mitatu. Nesi hakusema uongo. Sera ya afya ya 2007 inataka wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza watibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Siku ile nilipimwa damu, nikapewa vidonge na chandarua, sikutoa hata mia. Lakini bure ya kwetu ina mkia, na mkia wake ndio nilioukunja nikautia kwenye pochi.

Beseni halikunikosesha usingizi. Mshono ndio ulionikosesha. Binti yangu alizaliwa 2014 kwa upasuaji wa usiku, na usiku huo mume wangu alitumwa duka la dawa la nje mara tatu: mara dripu, mara sindano, mara nyuzi. Kulipokucha tulikuwa na mtoto na deni. Deni lilichukua miezi kumi na minne kuisha, na liliondoka na cherehani yangu ya kwanza, Butterfly ya mguu niliyoachiwa na shangazi. Sasa mwenye mshono hazalii zahanati. Nesi alishaniandikia kwenye kadi ya kliniki, kwa wino mwekundu, kwamba nijifungulie hospitali.

Nikaanza kuulizia bima. Mimi ni fundi cherehani wa barazani, Mafiga, na mume wangu anaendesha bodaboda. Wenye mwajiri hukatwa asilimia tatu ya mshahara, mwajiri anaongeza tatu, kadi ya Bima ya Taifa inakuja. Sisi angetukata nani? Nilikwenda kwenye kampuni moja binafsi, kijana mwenye tai akanikaribisha vizuri mpaka alipoona tumbo. Uzazi, akasema, unaanza kulipiwa baada ya mwaka mzima wa uanachama. Nikamwambia kwa mwaka mzima huyu wa tumboni atakuwa anamwamkia yeye shikamoo. Akanipa kipeperushi. Karatasi ilikuwa ngumu, nzuri. Niliikatia patani ya kola, ninayo mpaka leo.

Mimi hesabu zangu nazifanya kwa suruali. Kupunguza urefu wa suruali moja wakati ule ilikuwa shilingi 1,000. Novemba mwaka huo Bima ya Taifa ilipotangaza vifurushi vya watu binafsi, cha chini kabisa kwa mtu wa umri wangu kilikuwa 192,000: suruali 192, mtu mmoja. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambayo mtendaji aliieleza kwenye mkutano wa mtaa, ilikuwa 30,000 kwa mwaka, kaya nzima ya watu sita, kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, mradi upande ngazi kwa barua ya rufaa. Suruali thelathini. Hata mimba ingeniruhusu.

Mume wangu hakuitaka. "Elfu thelathini ya ugonjwa ambao hatujaugua?" Kila nikilianzisha anakumbuka ana abiria.

Halafu ikaja Jumamosi ya tarehe 10 Agosti. Kila mtu wa Morogoro anajua alikuwa wapi asubuhi ile lori la mafuta lilipolipuka Msamvu. Waliokufa walipita mia moja, na wengi walikuwa vijana wa bodaboda. Kijiwe cha mume wangu ni Msamvu. Alikuwa amempeleka mama mmoja na magunia yake Bigwa, basi. Alirudi nyumbani saa tano, akaegesha pikipiki, akakaa juu yake bila kushuka mpaka adhuhuri. Jioni ya siku ya tatu, tukila, akauliza, "Yule wa kuandikisha anapatikana wapi?"

Hela ilitoka kwenye mchezo. Zamu yangu ilikuwa Oktoba. Nikambembeleza muuza maandazi tubadilishane, kijumbe akakubali, na kwa kubadilishana huko nikamshonea mabinti zake wawili sare bila ujira. Sketi za marinda. Anayejua marinda anajua nililipa.

Mwandikishaji alikuja mwishoni mwa Agosti, kijana mwembamba, anafanya kila kitu kwa simu. Nilitundika kipande cha bitana nyeupe ukutani ili picha zitoke vizuri. Nikasimama mimi, akasimama mume wangu, binti yetu, na shemeji yangu aliyekuwa kidato cha pili. Mama mkwe akafunga kilemba, akakifungua, akakifunga tena.

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Andika hamsini na miwili."

Mume wangu akatazama paa.

"Kitambulisho?"

"Kiko Matombo."

Watano. Ikabaki nafasi moja, na mimi nafasi hiyo nilikuwa na mwenyewe. Nikamwambia kijana aandike mtoto, nikashika tumbo.

"Dada, huyo nitampigaje picha? Jina lake nani?"

"Acha wazi, atakuja kulijaza."

Hapo mama mkwe akanyanyuka kwenye mkeka. Tangu Februari tulikuwa tunaishi na mjukuu wa dada yake, mtoto wa miaka kumi aliyeletwa kutoka Matombo mama yake alipofariki. Mtoto mpole, malaria haimwachi. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amevaa shati ambalo hakuna aliyemwambia alivae.

"Mwanangu," mama mkwe akaniambia taratibu, "huyo wa tumboni bado hajaja. Huyu yupo, anakula."

Hapa niseme jambo ambalo asiye wa huku anaweza kulipita. Mama mkwe ni Mluguru, na kwa Waluguru ukoo hupita kwa mama. Mjukuu wa dada yake, kwa upande wa binti, ni damu ya ukoo wake moja kwa moja. Mtoto wangu, aliyezaliwa na mwanawe wa kiume, kwa hesabu hiyo ni wa ukoo wangu mimi. Na mimi ni Mgogo wa Mpwapwa, kwetu mtoto ni wa baba. Kwa hiyo aliyekuwa tumboni, ukiwafuata Waluguru ni wa kwetu, ukitufuata sisi ni wa kwao, na siku ile barazani nikamwona hana wa kumsemea ila mimi. Nikasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea mama mkwe: "Mama, hela ni ya marinda yangu."

Kimya. Kuku mmoja akapita kwenye bitana. Mwandikishaji, masikini, akajaribu kusaidia: "Lakini dada, mtoto mchanga si anatibiwa bure? Mpaka miaka mitano."

Nikaingia ndani, nikarudi na karatasi ya nesi, nikampa asome. Alisoma mpaka kwenye kanga nne, akanirudishia bila neno. Alipoinua simu kutaka kuifunga kazi, yule mtoto akatoka nyuma ya mlango, akafuta mdomo kwa kiganja, akaenda kusimama mbele ya bitana, mikono ubavuni, kama walivyofundishwa mstarini shule. Hakuna aliyemwita. Alishawatazama watano, alijua zamu inavyokwenda.

"Mpige," nikasema.

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitumia kadi, Oktoba, homa ya siku nne. Alipimwa, akapewa dawa, nikatoka dirishani na pesa zangu zote. Mimi nilifuata Januari 2020. Niliondoka zahanati na barua ya rufaa na beseni langu limejaa kila kilichoandikwa, nikaenda hospitali ya mkoa, wakaamua upasuaji tena. Mume wangu akaenda dirishani na kadi pamoja na barua. Alirudi upesi sana, nikajua wamemkataa. Kumbe hakuwa na cha kukaa kufanya kule. Alisimama pembeni ya kitanda, mkono mfukoni, ameshikilia zile hela alizokuwa amekopa kwa tahadhari, hajui azipeleke wapi. Mtoto wa kiume, kilo tatu na robo.

Mama mkwe alikuja na kanga mbili mpya juu ya zile nne. Akampakata mtoto, akamwita "mgeni wa Mpwapwa", na yale ya barazani hatukuyazungumza.

Agosti 2020 kadi ikaisha, mwandikishaji yule yule akaja. Sasa tulikuwa saba. Nilishatundika bitana, nimekaa nanyonyesha, nawaza nitaanzia wapi, mama mkwe akasema yeye asiandikwe, wazee wana utaratibu wao.

"Bibi," kijana akasema akitazama simu, "hapa wewe una hamsini na tatu."

"Nani kasema? Nyerere anapandisha bendera mimi nilishaanza kutembea."

Akafungua pindo la kanga, akatoa kadi ya mpiga kura, imesuguka kingo, imeandikwa 1960.