Excel ya depo ya unga ilivyotupitisha CAN nzima

Mimi si mtu wa informatiki. Ninashika hesabu za depo moja ya unga hapa Lubumbashi, upande wa Katuba, na Excel ninayoijua ni ile ya mifuko: iliyoingia, iliyotoka, iliyopasuka, na ile ambayo kila mtu anaapa hajaiona. Ndiyo hiyo hiyo iliyotufuatilia CAN, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Côte d'Ivoire, Januari na Februari 2024, timu 24, mechi 52, na mpaka leo kuna vijana wa mtaa wananiita "Papa CAF", kama lile shirikisho la mpira la Afrika.

Yote yalianza na hasira. Kwenye nganda, ile baa tunayoangalizia mpira, walibandika ratiba iliyotoka WhatsApp. Nzuri, ya rangi, na bendera zake. Lakini ilikuwa na saa za Kinshasa, na sisi huku tuko saa moja mbele yao. Siku ya ufunguzi tukajaa kuanzia saa tatu usiku kama karatasi ilivyosema, mpira ukaanza saa nne. Saa nzima tunaangalia matangazo na kuagiza chupa. Mama wa nganda hakulalamika hata kidogo. Nikasema ratiba hii nitaitengeneza mwenyewe: saa za Abidjan katika safu moja, safu ya pembeni unaongeza mbili juu ya ishirini na nne, basi, saa za Lubumbashi hizo.

Hapo ndipo washauri walipotokea. Kijana mmoja anayetengeneza simu akaniambia nisijisumbue kuandika matokeo, yatakuja yenyewe kutoka kwenye intaneti, "otomatiki, papa, otomatiki". Nikanunua megabaiti za dola tano hivi, au saba, sikumbuki, maana nilinunua mara mbili. Usiku wa kwanza ukurasa mweupe. Usiku wa pili ukurasa mweupe na kompyuta ya moto kama mbabula ya makaa. Siku ya tatu kijana akasema kompyuta ya depo ni ya zamani. Kana kwamba hakuiona tangu mwanzo! Ukisikia mtu anakutajia otomatiki kwa mechi 52, mwambie kuandika namba mbili kila baada ya mechi hakujaua mtu.

Mshauri wa pili alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayekaa Ndola, Zambia. Huyu walau anajua kazi. Akanitumia fomula zote kwenye simu, nami nikazinakili herufi kwa herufi kama dawa ya daktari: IF, halafu mabano, halafu mkato. Excel ikakataa kabisa. Nikitoa mkato huu na kuweka ule, inanijibu #NOM?. Nampigia, ananiambia, "Bayama (yaani mjomba), andika tu vile nilikutumia." Ninaandika. #NOM?. Tulikaribia kugombana kifamilia. Mpaka nilipofungua faili la mifuko na kutazama fomula zangu mwenyewe za miaka yote ndipo nikajicheka: Excel ya depo imesoma Kifaransa, yake imesoma Kiingereza! IF yake kwangu ni SI, VLOOKUP yake ni RECHERCHEV, na pale yeye anapoweka mkato mimi ninaweka nukta-mkato. Jambo ninalolifanya kila siku kwa unga, likanishinda kwa mpira.

Lakini hilo ni dogo. Ngoja niwaeleze usiku wa tarehe 17 Januari.

Kwa sababu ya ule upuuzi wa otomatiki, nilikuwa nimeandika matokeo ya siku za kwanza kwenye daftari. Leopards, timu yetu ya Kongo, walipomaliza na Zambia, 1-1, bao la Wissa, nikaketi pale pale nganda na kompyuta juu ya kasha la chupa nihamishe kila kitu. Nilikuwa na safu moja tu ya matokeo. Côte d'Ivoire na Guinea-Bissau, 2-0. Sawa. Nijeria na Guinea ya Ikweta, 1-1. Nikabonyeza, na kisanduku kikaandika 01-janv. Nikafuta, nikaandika tena. 01-janv. Misri na Msumbiji, 2-2: 02-févr. Watu walishaanza kusimama nyuma yangu. Nikafika kwa Kongo na Zambia, 1-1, na mbele ya nganda nzima Leopards wakapata tarehe mosi Januari. Mmoja akapiga kelele, "Bonane!" na wote wakaanza kupeana mikono, bonane, bonane, mama wa nganda naye akauliza nani analipa chupa za mwaka mpya.

Nikiwa na aibu hiyo nikakumbuka kwamba kisanduku kinaweza kuambiwa kiwe maandishi tu. Nikakibadilisha. Hapo kikaandika 45292. Yaani Kongo na Zambia, elfu arobaini na tano, mia mbili tisini na mbili. Muzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa klabu ya Lupopo tangu ujana wake, akainama akasoma polepole kwa miwani yake, akasema, "Makine yako iko nasema bongo (uongo). Hata sisi hatujawahi kufunga Mazembe hivi." Baadaye ndipo nikaelewa kuwa Excel huhesabu siku tangu mwaka 1900, na mosi Januari 2024 ni siku ya 45292 kwake. Lakini usiku ule, nani alitaka kuelewa?

Dawa yake ni ya kitoto: timu moja kisanduku chake, timu ya pili kisanduku chake. Moja peke yake haiwezi kuwa tarehe.

Kisha jambo jingine ambalo hakuna aliyenionya. Kisanduku kitupu kwa Excel ni sawa na kisanduku kitupu kingine, kwa hiyo mechi ambayo haijachezwa ni sare. Nilifungua msimamo asubuhi nikakuta Tanzania wana pointi mbili wakati walikuwa wamecheza mara moja na kupigwa 3-0 na Moroko. Fomula iliyonyamazisha hiyo ni hii, mnakili, mimi sitozi kitu: =SI(D7="";"";SI(D7>E7;3;SI(D7=E7;1;0))). Na pointi mzijumlishe kwa SOMME, msitumie alama ya kujumlisha, maana ile alama ikikutana na kisanduku kisicho na kitu inaanza kulia #VALEUR!.

Ninalojivunia hasa ni hili. Tarehe 23 Januari, kundi la tatu, Senegali wamechukua pointi zote tisa, Kameruni nne, Guinea nne. Tofauti ya mabao: Kameruni moja chini, Guinea moja chini. Excel ikawapa wote wawili nafasi ya pili, nafasi ya tatu ikabaki bila mtu, na ukurasa wa washindwa bora, yaani timu nne bora za nafasi ya tatu zinazopita pamoja na mbili za kwanza za kila kundi, ukajaa #N/A. Nikafikiria mifuko. Depo, mifuko ya kilo 25 na ya kilo 5 hatuichanganyi, kila uzito una rundo lake. Basi nikatengeneza namba moja yenye marundo matatu: pointi mara 10000, jumlisha tofauti ya mabao mara 100, jumlisha mabao ya kufunga. Kameruni 39905, Guinea 39902. Mmeona? Mabao matano kwa mawili, Kameruni wa pili, na hakuna mtu anayeweza kubishana na namba.

Muzee wa Lupopo akabishana. Akasema CAF kwanza wanatazama mechi ya wao kwa wao. Na alikuwa na haki, sitaficha, lakini Kameruni na Guinea walitoka 1-1, kwa hiyo tulirudi pale pale. Nikaongeza safu ya kuandika nafasi kwa mkono kama ikitokea. Haikutokea. Afrika Kusini na Namibia walifungana kwa pointi kesho yake, lakini Afrika Kusini alikuwa amempiga mwenzake 4-0, na mabao yalisema hivyo hivyo. Bahati nayo ni fundi.

Kesho yake hiyo ndiyo siku ambayo jedwali lilifanya kazi ya mwanamume. Mechi mbili kwa wakati mmoja: sisi na Tanzania, Zambia na Moroko. Televisheni ilionyesha yetu, ya pili tuliifuata kwenye simu. Mimi nilikuwa naandika matokeo kadiri yanavyokuja. Kabla ya bao lolote, Kongo 30002, Zambia 30002. Sawasawa hadi tarakimu ya mwisho! Na kwa namba hizo wote wawili tulikuwa tunapita, jirani na jirani. Katika ukurasa wa washindwa bora nilikuwa nimeweka rangi ya kijani kwa wanne wa juu, na Côte d'Ivoire, wenye nyumba, waliokuwa wamepigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, walikuwa nafasi ya tano. Weupe. Nje.

Kabla ya mapumziko Ziyech wa Moroko akafunga. Nganda ikalipuka. Mnajua sisi na Zambia, mpaka wa Kasumbalesa uko hapo tu, kila mtu ana shemeji kule wa kumtania. Wengine walicheza. Mimi nikaandika 1, Zambia wakashuka, na kijani kikateleza hadi kwenye 29702, Côte d'Ivoire. Hakuna aliyeona isipokuwa muzee. Akaweka kidole kwenye kioo akauliza, "Na huyu naye anaingia?" Nikamwambia ndiyo, muzee, lakini huyo hana kitu, kocha wenyewe wanamfukuza. Tukamaliza 0-0, wa pili, sare tatu. Asubuhi nikachapisha ukurasa ule kwa franki mia tano hivi, nikaubandika juu ya ile ratiba ya Kinshasa.

Misri alitukuta na jedwali lisilojua penalti. 1-1, muda wa ziada, kipa wao akagonga mwamba, Mpasi kipa wetu akaweka ya mwisho, 8-7, watu barabarani, na kisanduku changu cha robo fainali kinasema SARE. Safu za penalti niliziongeza siku iliyofuata. Ninyi ziwekeni mapema.

Patroni ndiye aliyeharibu furaha. Alikuta faili limefunguliwa kazini, akatazama safu ya ushindi ya Kongo. Mechi nne, ushindi sifuri, robo fainali. Akaniuliza kama hesabu za unga wake nazo ninazifanya namna hiyo. Nashukuru Guinea tuliwapiga 3-1 tarehe 2 Februari, ile sifuri ikaondoka, kwa sababu kumweleza patroni kwamba mechi ya penalti inahesabiwa sare ni kazi nyingine.

Tarehe 7 tulikutana na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa kama bunduki, kwa ajili ya ndugu zetu wa mashariki walio vitani. Nganda nzima ilinyamaza, hata friji ilisikika. Haller wao akafunga. 1-0. Nikaandika 1, nikaandika 0, nikaokoa faili kabla kuran (umeme) haijakatika.

Simu ikalia. Ni Ndola. "Bayama, lile bao la Ziyech, si mulilishangilia?"

Nikageuka ukutani. Muzee alikuwa ameshafika mbele ya karatasi ya tarehe 24, anatafuta kalamu mfukoni. Akazungushia duara Zambia 0, Moroko 1, akarudi kukaa, akaagiza Fanta.